Nilivyomfufua Mtu kwa Bomba la Bati

Ninyi vijana mnaobanana kwenye vibanda vya video pale Daraja Mbili kumsikiliza mwenzenu akiwatafsiria picha ya Kichina, nani kati yenu amewahi kumwuliza kama Kichina anakijua? Hakuna. Mimi nilimwuliza. Alinitazama, akacheka, akasema, "Shikamoo babu. Naangalia mikono yao inavyokwenda, inatosha." Nikaitikia marahaba kwa moyo wote, nikampa mkono wa hongera, kwa sababu kijana huyo anakula matunda ya mti nilioupanda mimi.

Nilikuwa mkalimani wa sinema hapa Arusha, wakati wa Mwingereza. Nilisimama kando ya kitambaa, upande wa kushoto, juu ya kasha la majani ya chai, mkononi nimeshika bomba la bati lililopanuka mdomo, nikiwaeleza kwa Kiswahili watu wa mabenchi ya mbele mambo yanayotokea. Wazungu na Wahindi walikaa juu, kwenye viti vyenye mito, na hawakunihitaji. Walinivumilia. Picha zetu nyingi zilikuwa za Kihindi, na Kihindi changu kilikuwa cha dukani: niliweza kuhesabu, kuuliza bei ya khanga, kuomba maji na kutukana. Kwa mtaji huo nilitafsiri mapenzi, kesi za mahakamani na mambo ya miungu kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kudai arudishiwe kiingilio chake.

Kazi niliipata kwa ajili ya ulimi. Baba yangu alitoka Pangani akifuata kazi za reli, akaishia hapa mjini, mtaa wa Levolosi, kwa hiyo Kiswahili nilikinyonya kwa mama. Mabenchi yetu yalijaa Wameru, Waarusha, Wachaga na Warangi, kila mtu na lugha yake ya nyumbani, na Kiswahili wakakifanya cha sokoni. Bwana Velji, mwenye ukumbi, alinisikia nikinadi samaki wakavu sokoni. Akasimama, akasikiliza, akanunua samaki wawili ambao hakuwala maana hakula nyama wala samaki, akaniambia, "Wewe nadanganya vizuri sana. Kuja kesho sinema."

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu, mkalimani wa kwanza, ambaye meno yalikuwa yamemwishia na maneno yakaanza kuvuja. Alinifundisha nisitazame kitambaa. "Picha utaiona kesho," alisema. "Tazama nyuso. Mtu akijikuna, umechelewa. Akimgeukia jirani yake kumwuliza, huyo umeshampoteza." Alinifundisha pia kwamba wimbo ukianza mkalimani hunyamaza, na hapo ndipo hunywa maji yake, ya uvuguvugu, yenye kipande cha tangawizi. Na sauti itoke tumboni. Ikitoka kooni, picha ya pili utaisemea kwa ishara.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la siku ya tatu. Kulikuwa na mzee kwenye picha, amelala chali, watu wamemzunguka. Nikatangaza kwa huzuni kwamba mzee amefariki dunia. Wanawake wakaanza kulia. Wimbo ulipokwisha, marehemu akaamka akaitisha chai. Mzee Sefu, aliyekuwa amekaa nyuma ya kasha langu, akanivuta suruali akanong'ona, "Sema ni mzimu." Nikasema ni mzimu. Picha ile ilikuwa ya vichekesho, lakini watu wetu walitoka mle ndani wameshikana mikono, na kesho yake ukumbi ulijaa watu waliokuja kuuona mzimu unaokunywa chai. Velji aliniongezea mshahara. Ndivyo nilivyoharibika.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Wengi hudhani biashara ya picha na msiba ni hesabu nyepesi: watu wakilia, sinema hawaji. Si kweli hata kidogo. Inategemea nani kafa, na nani mwenye kusema kwamba kafa.

Mfalme alipofariki kule Uingereza, amri ilishuka kutoka bomani siku ile ile: bendera nusu mlingoti, ukumbi ufungwe. Lazima mjue kwamba picha enzi zile ilikuwa mgeni wa zamu. Mikebe ililetwa kwa basi kutoka Nairobi kupitia Namanga, ikakaa kwetu siku zake ilizopangiwa, kisha ikaenda Moshi. Ukiikosa umeikosa, na ada unalipa. Tulikuwa na picha ya kuchekesha kweli kweli, na Velji akaona siku zake zinayeyuka. Alikwenda bomani kuuliza, kwa adabu zote, kama ingekuwa kosa watu wakicheka polepole. Walimfukuza. Watu wa Levolosi nao walikuja mlangoni, wakaona kufuli, wakaniuliza ni ndugu gani wa Velji aliyefariki, ili waje kutoa pole.

Halafu ikaja masika mbaya kuliko zote nilizoziona. Mvua ilinyesha huko juu Mlima Meru mpaka mito ikabadili rangi. Siku ya gulio la Tengeru, alasiri, lori lililojaa watu na ndizi na mbuzi lilikuwa linarudi upande wa Usa. Lilipofika kwenye daraja la magogo, maji yakashuka yakiwa yamebeba mawe na miti mizima, yakalichukua daraja, na lori, na wote waliokuwamo. Wengine walionekana siku zilizofuata, wamenasa kwenye mizizi. Wengine hawakuonekana. Makanisa ya mlimani yalijaa vilio, na sisi msikitini kwetu tulisoma hitima, maana wafanyabiashara wa Levolosi waliokuwa wakienda Usa kununua mahindi nao walikuwamo ndani ya lori lile. Hapakuwa na nyumba mjini ambayo haikuwa na mtu wa kumlilia.

Kwa hao bendera haikushuka. Hakuna aliyetuambia tufunge. Bwana Shauri, Mzungu wa bomani aliyeamua mambo ya watu, alikuja kwa Velji, ndiyo, lakini kwa sababu nyingine.

Sababu ilikuwa picha iliyokuwa njiani. Kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa nimebandika matangazo yake kila mahali: kijana katikati ya maji yaliyofurika, mikono juu, na mama yake ukingoni amefungua kinywa. Ndiyo, picha ya mafuriko. Na matangazo hayo nilikuwa nimeyabandika kwa mikono yangu hadi gulioni Tengeru, kwenye ukuta ambao watu wa lile lori waliuegemea wakisubiri kupanda. Baada ya msiba minong'ono ilianza kwamba karatasi ile ndiyo iliyoyaita maji. Mwenye duka mmoja aliichana akaichoma. Mimi mwenyewe nilipita njia za nyuma kwa siku kadhaa.

Velji alipiga simu Nairobi kuomba picha icheleweshwe. Wenye picha wakamjibu kwamba asipoichukua sasa inakwenda moja kwa moja Moshi, na atailipia vilevile. Siku Bwana Shauri alipokuja, Velji alikuwa ameketi kwenye ngazi za ukumbi, ameshika kichwa.

"Velji," alisema Bwana Shauri, "hii picha ya maji hapana zuri sasa. Watu nalia, halafu naleta fujo."

"Bwana, maji kidogo tu," Velji akajibu akisimama. "Mwisho furaha."

Bwana Shauri akanigeukia. "Wewe. Kweli mwisho furaha?"

"Furaha tupu, bwana," nikasema.

Hakuna kati yetu aliyekuwa ameiona. Kwa hiyo mikebe iliposhushwa kwenye basi, tulikuwa tumeshaiahidi Serikali mwisho mwema.

Tuliitazama asubuhi, ukumbi mtupu: mimi, Velji, na mama yake Velji, bibi kizee aliyekijua Kihindi cha picha hasa na aliyekuwa akiguna kutoka juu kila nilipokosea, yaani kila siku. Yeye ndiye aliyetueleza. Kijana mkulima anachukuliwa na mafuriko na kufa, hata nusu ya picha haijafika. Mama yake anarukwa na akili. Sehemu ya pili, mdogo wa huyo marehemu anarudi kutoka mjini, amefanana naye mno. Mama anadhani ni yule yule. Mwishoni anafia mikononi mwa mdogo akiita jina la mkubwa. Bibi alilia mpaka ushungi ukalowa. Velji naye alilia, ingawa yeye hakuwa akimlilia yule mama.

Mimi nilikuwa nawaza jambo moja. Ndugu wale wawili waliigizwa na mtu mmoja. Sura moja, sauti moja, hata kovu la kidevuni lilikuwa lile lile.

"Bwana," nikasema, "huyu wa pili, nani kule chini atajua kwamba ni wa pili?"

Velji akageuka kunitazama. Kisha akafuta macho.

Jumamosi, saa nane mchana, tulifungua. Ukumbi ulikuwa nusu, na hiyo nusu ilikuja imekunja mikono. Nilizitazama nyuso kama nilivyofundishwa. Maji yalipoanza kujaa kwenye kitambaa, mwanamke mmoja akapiga kelele, na wanaume wa benchi la nne wakainuka kutoka nje.

"Tulieni!" nikapaza sauti kwenye bomba. "Kaeni! Huyu hafi! Maji yanampeleka chini, tambarare. Wachungaji wa Kimasai wamemwona! Wanamvuta kwa fimbo! Wamempa maziwa, anakohoa, anafumbua macho!"

Kwenye kitambaa hapakuwa na mchungaji wala maziwa. Kulikuwa na wingu. Lakini watu walikaa. Na baada ya nyimbo mbili, yule kijana alipoonekana akishuka kwenye gari moshi, shati jeupe, nywele zimechanwa, nilisema tu, "Huyo hapo. Amerudi. Kumbukumbu ilikuwa imempotea kidogo." Sijawahi kusikia ukumbi ukilipuka vile. Watu wasiojuana walikumbatiana. Mwishoni mama wa kwenye picha alipokata roho mikononi mwa mwanawe, nikawaambia amesinzia kwa furaha, na wote wakaona kwamba kweli amesinzia.

Wiki iliyofuata foleni ilifika sokoni. Watu walishuka kwa miguu kutoka Nkoaranga, Akheri na Poli, wengine wamevaa nguo za msiba. Nairobi ikaombwa wiki nyingine, Moshi ikaambiwa isubiri. Bwana Shauri alituma salamu za kutupongeza kwa utulivu. Picha iliyotaka kutuzika ndiyo ikawa picha iliyopendwa kuliko zote tulizowahi kuonyesha, na ilipendwa kwa sababu ya msiba ule ule. Nilitembea mjini nikiwa nimevimba kichwa, na sitawaficha, nilikuwa na furaha. Nilijiona nimewafuta watu machozi.

Anayetazama nyuso hufika mahali akazijua. Benchi la pili, mwishoni kabisa, alikaa mama mmoja wa Kimeru, mtu mzima, amevaa koti la kiume juu ya khanga. Hakukosa onyesho hata moja. Wengine wakilia hakulia, wakishangilia hakushangilia. Kijana akishuka kwenye gari moshi, yeye aliinama mbele kidogo, basi.

Jumatano moja watu walipokwisha kutoka, nikamkuta amesimama karibu na kasha langu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina swali. Wale wachungaji waliomtoa majini ni wa upande gani?"

Nikadhani anatania. "Wa chini, mama. Kule tambarare."

"Chini ya mto Kikuletwa, au kabla hujafika?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Palikuwa na nafasi kabisa, na hapakuwa na mtu mwingine. Lakini ulimi uliozoea kujibu haumsubiri mwenye nao. "Kabla kidogo," nikasema.

"Na walikaa naye muda gani, mpaka akakumbuka kwao?"

"Miezi mitatu."

Alihesabu kwa vidole, taratibu, midomo ikicheza. "Basi bado," akasema. Akanishukuru, akavuta koti lake, akatoka.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, mzee mmoja alibisha hodi kwangu Levolosi, kofia mkononi. Alijitambulisha kuwa ni Mzee Aminieli, mzee wa kanisa kutoka Akheri. Mke wangu alimpa kigoda. Hakukalia.

"Wewe ndiye unayefufua watu?" akaniuliza.

Nikamwambia shikamoo. Akaitikia, kisha akanieleza. Yule mwenye koti aliitwa Mama Anaeli, mjane wa marehemu kaka yake. Anaeli, mwanawe wa kwanza, alikuwa kwenye lori lile na hakuonekana. Koti lilikuwa lake.

"Kwetu mtu asiyeonekana hatumwachi hewani," alisema. "Tunakata mgomba, tunauvika nguo zake, tunauzika. Mchungaji wa kanisa, kwa kuwa hayo si ya dini, siku hiyo hutazama pembeni. Tukishazika tunanyoa nywele, msiba unakwisha, watu wanaendelea kuishi. Wengine wote waliopotea tumeshawazika. Huyu mama anakataa. Anasema, nitazikaje mtu niliyemwona kwa macho yangu akishuka kwenye gari moshi?"

"Mzee, anajua kwamba ile ni picha."

"Anajua. Anasema picha haiwezi kuonyesha kitu ambacho hakikutokea mahali popote. Na wewe umempa mahali." Aligeuza kofia mikononi. "Ameuza ng'ombe wake. Jumatatu anashuka tambarare kuwatafuta wachungaji wako. Peke yake, mito imejaa, Kikuletwa ina mamba. Tukimfunga kamba, tutamfunga mpaka lini? Mimi nimesema, mchungaji amesema, mlima mzima umesema. Anakusikia wewe. Jumamosi atakuja mara ya mwisho, kusikiliza kama una neno jipya."

Akavaa kofia, akaondoka. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana.

Jioni ile nilimfuata mama huyo kwa jamaa zake karibu na soko, alikokuwa akilala siku za sinema, nikamwambia waziwazi kwamba wale wachungaji niliwatunga. Alinisikiliza kwa upole, akanipigapiga begani. "Wamekutuma," akasema. "Usijali, mwanangu. Sikuchukii." Nikaelewa kwamba maneno yangu ya barabarani hayana uzito. Ya juu ya kasha ndiyo yenye uzito.

Nikaenda kwa Velji. Velji hakuwa mtu mbaya, msije mkamdhania. Akakuna sikio.

"Rajabu, sikia. Mimi sikuambia huyu mama uza ng'ombe."

"Hata mimi, bwana. Lakini ameuza."

"Ukisema ndani ya ukumbi, picha nakufa. Moshi nasikia, Nairobi nasikia. Bwana Shauri nauliza wapi furaha." Akatazama chini. "Ukisema, kazi hakuna. Na mimi nitafukuza wewe mbele ya watu, lazima. Elewa?"

Nilielewa. Nilikuwa nimeoa mwaka ule, na samaki wakavu sikutamani kuwarudia.

Jumamosi mchana ukumbi ulifurika, watu wamekaa hadi kwenye njia. Mama Anaeli alikuwa mahali pake, kifurushi cha safari mapajani. Nilipanda kwenye kasha, nikaliinua bomba. Maji yakajaa. Mabenchi yakaanza kunisemea maneno yangu kabla yangu, maana wengi walishayajua kwa moyo: "Tulieni! Huyu hafi!"

"Anakufa," nikasema.

Wakadhani ni mzaha.

"Anakufa," nikarudia, kutoka tumboni. "Hakuna mchungaji. Wachungaji niliwatunga mimi Rajabu. Hakuna maziwa. Mto umemchukua na haukumrudisha. Hivi ndivyo picha inavyosema tangu siku ya kwanza."

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Maganda ya machungwa na mabua ya miwa yalianza kuruka. Kijana alipotokea kwenye gari moshi, watu wakapiga makofi kunisuta, wakaonyesha kidole: huyo hapo, si huyo? Nikasema, "Huyu ni mdogo wake. Wamefanana." Ukumbi mzima ukanijibu kwa sauti moja: "Mwongo!" Vijana, nilidanganya watu wa Arusha miaka kwa miaka na wakaniita fundi. Siku niliyosema kweli ndiyo siku niliyoitwa mwongo.

Mtu mmoja tu alinitetea. Kutoka juu, kwenye viti vyenye mito, mama yake Velji alisimama, akagonga fimbo yake kwenye ubao. "Anasema kweli!" alipiga kelele. "Leo ndiyo mara ya kwanza! Anasema kweli!"

Nilitafsiri hadi mwisho, bua moja likiwa limenipasua nyusi. Mama wa kwenye picha alipokata roho, nikasema, "Huyu mama amekufa. Hakusinzia. Amekufa akimngoja asiyerudi." Nikamtazama Mama Anaeli. Uso wake haukunipa kitu. Alisimama, akakumbatia kifurushi, akatoka bila kunitazama, na sikujua kama nimemrudisha nyumbani au nimemsukuma mtoni.

Velji alinifukuza mlangoni mbele ya wote, kwa sauti kubwa, na watu wakashangilia. Aliajiri kijana mwingine aliyejua Kihindi barabara, aliyesoma shule yao. Yule alitafsiri neno kwa neno, hakuna aliyemvumilia, na baada ya muda Velji alinifuata tena nyumbani akiwa na pakiti ya sukari. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumapili ile na Jumatatu nilikaa kitandani nikitega sikio, nikingoja mtu aje aniambie kwamba mama mmoja wa Kimeru ameonekana akishuka tambarare.

Jumanne akaja mjumbe kutoka Akheri. "Mama Anaeli anakuita kesho asubuhi," akasema. "Amesema uje na lile bati lako."

Nilipanda. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba, shimo lilikuwa limeshachimbwa, na ukoo wote umesimama. Mgomba ulilazwa kwenye mkeka, umevishwa suruali na lile koti. Mchungaji wa kanisa alikuwa kwenye uzio, anachunguza mbuni mmoja wa kahawa kana kwamba hajawahi kuuona. Mzee Aminieli alinisogeza mbele.

"Watu hawa wote uliwaambia kwamba yu hai," Mama Anaeli akaniambia. Macho yake yalikuwa makavu. "Sasa waambie huyu ni nani. Wakusikie."

Nililiinua bomba. Huyo kijana sikuwahi kumwona maishani mwangu. Lakini nyuso zilikuwa zikinitazama, na nikafanya kazi niliyoijua.

"Huyu ni Anaeli," nikasema. "Mwana wa kwanza wa nyumba hii. Kijana mrefu, mwenye nguvu, mchapakazi..."

"Hakuwa mrefu," akasema Mama Anaeli.

Nikalishusha bomba. Mtu mmoja akakohoa.

"Alikuwa mfupi kama baba yake. Koti hili lilimfika magotini, nilimwambia fundi alikate, hakukubali. Na mchapakazi gani?" Alipiga hatua kuelekea shimoni. "Alikuwa mvivu wa kuamka. Na akiamka anaimba mpaka jirani anatukana. Siku ile aliniambia anapeleka ndizi gulioni. Ndizi alizisahau pale mlangoni. Alikuwa anakwenda kumwona msichana wa Poli."

Mzee Aminieli alicheka, akaziba mdomo, akashindwa, akacheka tena huku machozi yanamtoka. Wengine wakafuata. Mama Anaeli akaendelea. Alitaja ugonjwa aliougua Anaeli utotoni, mbuzi aliyempoteza, jino lililong'oka, deni la baiskeli, jinsi Anaeli alivyokuwa akimwita mama yake kwa jina akitaka kumchokoza. Katikati ya hayo sauti ikakatika, akalia, kwa mara ya kwanza tangu maji yalipoliondoa lori, kisha akafuta uso kwa khanga akaendelea pale alipoachia. Mimi nilikuwa nimesharudi nyuma na bati langu, nimesimama na watoto. Hakuna aliyenitazama.

Aliposema yote aliyokuwa nayo, aliinama akautengeneza ukosi wa koti.

"Basi," akasema. "Fukieni."